Mimi na Marehemu Steringi

Jumatano, 5 Februari

Leo Fabiola amelia tena. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mzungu!

Niandike taratibu, maana hasira inanirusharusha. Mimi ni mtafsiri wa sinema katika banda la video la Severini, hapa Bagara, mjini Babati. Siku za mpira napanga mabenchi na kufukuza mbuzi. Jumatano na Ijumaa jioni, mpira ukiwa hakuna, Severini anaweka sinema za zamani zisizo na rangi. Hapo nakaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, nashika kipaza sauti, nawasemea Kiswahili waigizaji wote. Wanaume, wanawake, watoto, mara moja hata farasi. Wateja wetu ni kina mama wanaotoka sokoni. Ni kazi ya heshima. Ila heshima yenyewe siioni. Jina langu Paskasi hakuna anayelijua, wote wananiita Mtafsiri.

Heshima yote anaipata Loni Hasketi. Huyu mwigizaji wa Hollywood ameijaza flashi nzima ya Severini. Sinema baada ya sinema, mwanaume yule yule, kofia ile ile. Naye jina lake halitumiki. Kwa kuwa kila sinema steringi, yaani shujaa mkuu, ni yeye, kina mama wanamwita Steringi tu. Wengi wanaamini ndivyo alivyoitwa na wazazi wake.

Tathmini yangu kama mtaalamu: kipaji hana. Ana sura mbili. Ya kwanza, amekasirika. Ya pili, amekasirika na amevaa kofia. Kazi yote inafanywa na kidevu. Farasi anampanda kama mgonjwa anayepandishwa kitandani. Na anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, hata mwalimu wangu wa Kiingereza wa kidato cha pili angenyoosha mikono. Sasa yale maneno mazuri anayatoa wapi? Kwangu! Simwelewi hata neno moja, kwa hiyo namtungia.

Leo kaingia nyumbani kwa mjane, mvua inanyesha, bastola kiunoni. Akamtazama yule mama, akaguna. Kaguna nini, Mungu anajua. Nikashusha sauti, nikasema, "Mama, umekula lakini?"

Fabiola, benchi la mbele, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akamwambia Mama Rosemary, mwenyekiti wao wa jumuiya, kwamba mwanaume wa namna ile angekuwepo Babati hii, yeye angeolewa kesho asubuhi.

Nilikuwepo! Pale pale! Na kipaza sauti mkononi!

Fabiola anakaanga samaki wa ziwani, anauza sokoni. Nimepanga kumtuma mshenga kwao kabla ya Kwaresima, na Kwaresima ni mwezi ujao. Kati yangu na posa amesimama mzungu mwenye kofia. Lazima aondoke.

Alhamisi, 6 Februari

Jaribio la kwanza. Kama anapenda kofia, apewe kofia.

Nimeazima ya Mzee Elieshi, mwenye nyumba wangu, ile anayovaa akienda kwenye vikao vya ushirika. Nikaenda sokoni. Nikasimama mbele ya meza ya Fabiola, bega moja juu, jicho moja nimelifumba nusu. Steringi akisimama hivyo wanawake hudondosha vyombo.

Fabiola akaniamkia vizuri, akaniita kaka wa pembeni. Ndivyo anavyoniita kwa sababu nakaa pembeni ya televisheni. Kisha akaniuliza jino lipi linauma. Mama wa meza ya jirani akanipa karafuu niitafune.

Nikaona niseme ukweli tu. Nikamwambia yule Steringi wenu ni bure kabisa, hajui hata kupanda farasi. Akacheka. Akasema kaka wa pembeni ana wivu.

Mimi! Wivu! Na mtu ambaye hata rangi hana!

Nimetafuna karafuu mpaka nyumbani. Kesho nitamchafua mbele za watu. Mdomo wake si uko mikononi mwangu? Nitamfanya aseme mambo ambayo hakuna mwanamke atakayeyasamehe.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeua mtu. Nieleze.

Banda limejaa. Sinema inaanza vizuri. Steringi anamshika mkono binti wa mwenye mifugo, mwezi umetoka, wanakaribiana. Kina mama wanashika mashavu. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamsemea Steringi, "Usinisogelee dada. Nina upele mwili mzima, nao unaambukiza."

Nikangoja wazomee. Badala yake nikasikia watu wanashusha pumzi. Mama Rosemary akasema, tazameni mwanaume mkweli. Wa kwetu angenyamaza, ukajikuna mwenyewe baada ya ndoa. Fabiola akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba yeye angemchemshia maji ya mwarobaini asubuhi na jioni mpaka apone.

Maji ya mwarobaini! Mimi mwaka jana nilivimba mguu wiki nzima, Fabiola hakuleta hata pole.

Nikapandisha dozi. Nikamfanya aseme anaogopa giza. Wakasema maskini, alelewe. Nikamfanya aseme hajawahi kufua shati. Zikanyooka mikono mitatu ya kumfulia! Hapo nikapoteza akili. Sinema ilikuwa imefika darajani. Adui kapiga risasi, Steringi kadondoka mtoni. Najua anaibuka, nimeiona hiyo sinema mara nyingi, anaibuka na kofia yake kichwani. Kabla hajaibuka nikabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba Steringi amekufa.

Wakanicheka. Kila mteja wa banda la video anajua steringi hawezi kufa. Adui ndiye anayekufa, tena mwishoni, baada ya kuomba msamaha. Wakaniambia niwashe. Nikasema sizungumzii sinema. Nikasema Loni Hasketi mwenyewe, mtu wa kweli, mwenye mwili wake huko Marekani, ni marehemu. Na sikudanganya! Sinema zile zilipigwa kabla babu yangu hajaoa. Sikusema tu amekufa lini.

Nikaona kicheko kinawatoka usoni mmoja mmoja. Mama Rosemary akauliza kama ameshazikwa. Nikasema ameshazikwa. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akaanzisha sala ya marehemu. Fabiola alitoka nje akasahau sinia lake.

Nimerudi nyumbani nimejawa na furaha. Sasa njia ni nyeupe.

Jumamosi, 8 Februari

Njia si nyeupe.

Severini amenijia asubuhi uso umemvimba. Kina mama wamemtumia salamu kwamba hawawezi kukaa kwenye sinema wakati wako msibani. Anataka kujua banda litafanya nini Jumatano na Ijumaa, na mimi nitakuwa mtafsiri wa nani. Nikamwambia wiki moja tu watasahau.

Mchana nikapita sokoni kumrudishia Fabiola sinia lake. Nilitegemea kumkuta yuko huru. Nikamkuta kavaa khanga nyeusi! Samaki kakaanga, lakini kimya kimya, hamwiti mteja. Akaniambia aliyempenda amekufa, na mwanaume aliye hai hatafika hata kwenye soli ya kiatu chake. Akiwa hai alikuwa na upele. Alipokufa hata upele umepona! Kwa nini sikumwacha aibuke?

Mama Rosemary akatokea. Akanisalimu Tumsifu Yesu Kristo, nikaitika. Akasema kina mama wameomba misa kesho ya kumwombea Steringi, na Padri amekubali, ila karani wa parokia anataka jina la ubatizo, kwamba hakuna mtakatifu anayeitwa Steringi. Mimi kama mtaalamu wa mambo yake bila shaka nalijua.

Silijui. Nani analijua? Lakini nikamtazama Fabiola na ile khanga yake nyeusi, na wazo likanijia, zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Nikasema jina lake la ubatizo ni Paskasi.

Wote wakalirudia polepole. Fabiola naye akalisema, "Paskasi," kwa sauti ya chini, macho yamejaa maji. Kesho atalisema kanisani. Atalisema kwenye rozari. Likishazoeleka mdomoni mwake, mshenga atakapofika kwao na kutaja aliyemtuma, moyo wake utaruka wenyewe. Werevu kama huu unapotea bure kwenye kigoda.

Jumapili, 9 Februari

Niliazimia kuwahi misa ya kwanza, nikae nyuma ya Fabiola, nisikie ananiombea. Umeme ukakatika, pasi ikapoa, shati likabaki na mkunjo mgongoni. Nikasubiri umeme. Ndiyo maana nimekwenda misa ya pili, na ndiyo maana kila kitu kimeharibika.

Wakati narudi, jirani yangu Sele alikuwa bombani anakinga maji. Aliponiona akaacha ndoo, akakimbia. Nikamfungia bomba. Mbele kidogo dereva wa bajaji aliyezoea kunipigia honi akafanya ishara ya msalaba.

Karibu na nyumbani nikasikia kilio. Nikachungulia kupitia ua wa michongoma. Uwanja mzima umejaa! Mikeka imetandikwa, mafiga yamewashwa, makande yanachemka kwenye sufuria za jumuiya. Na katikati, kichwa wazi, mama yangu mzazi.

Mama anakaa Singe, na yeye haachi misa ya kwanza. Kumbe katekista alisoma nia za misa, akasema tumwombee marehemu Paskasi wa sinema, wa Bagara, aliyefariki ghafla. Paskasi wa sinema wa Bagara ni mwingine nani? Mama hakungoja hata komunyo. Alikusanya shangazi zangu na majirani wakapanda bajaji mbili.

Nilitaka kuingia. Nikaona ngoja kwanza nisikie wanasema nini juu yangu. Nani anapata bahati kama hiyo? Mzee Elieshi akasema nilikuwa mpangaji mtulivu, ila nina kofia yake. Severini akasema sikuwahi kuchelewa kupanga mabenchi. Mabenchi! Kipaji hakuna aliyekitaja.

Kisha akaingia Fabiola na Mama Rosemary na kina mama wa sokoni. Walikuwa wamesikia kuna msiba wa Paskasi, wakadhani matanga ya Steringi yamepata mahali. Fabiola alikwenda moja kwa moja kwa mama yangu. Msibani mtu haulizi, anakumbatia kwanza. Akalia begani kwake. Akasema pole mama kwa kumpoteza mtoto kama yule, na hatapata mwingine wa kumpenda hivyo.

Mama akashangaa mpaka akaacha kulia. Akasema hakujua kama mwanawe alikuwa na mtu. Akauliza alikuwa anakutunza, mwanangu? Fabiola akasema sana, kila Jumatano na Ijumaa alikuwa anamkumbuka kwa chakula. Mama akawageukia shangazi zangu, akauliza, "Paskasi wangu mimi? Aliyekuwa anaficha nyama chini ya ugali?"

Nilikuwa nalia nyuma ya michongoma. Kwa furaha. Ananipenda! Sikutaka iishe. Lakini mbuzi wa Mzee Elieshi alinisukuma kwa nyuma, nikatokeza katikati ya ua, na miiba mgongoni.

Kelele! Shangazi mdogo alipanda juu ya meza. Mama akanishika uso, akanikumbatia, akanibusu, kisha akanizaba kofi ambalo bado nalisikia. Akauliza sasa aliyekufa ni nani. Mama Rosemary akaeleza kwamba ni Steringi, mzungu, ambaye kwa ubatizo naye aliitwa Paskasi. Mama akanitazama kwa muda mrefu. Mama ananijua. Lakini akafunga tu kitambaa chake kichwani.

Na Fabiola? Akamuuliza Mama Rosemary, Paskasi ndiye yupi. Akaonyeshwa mimi. Akasema, ala, kumbe kaka wa pembeni ana jina.

Nilidhani watu watatawanyika. Mama Rosemary akasema haiwezekani, makande yameiva na watu wamekaa, na msiba bila wasifu wa marehemu si msiba. Mtafsiri asimame asome wasifu wa Steringi.

Vizuri. Nikasimama. Kama ni wasifu, wataupata, na tathmini ya kitaalamu ndani yake. Nikawaambia marehemu kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa na sura mbili tu. Shangazi mkubwa akaitikia kwamba kweli hakuwa mnafiki. Nikasema farasi alimpanda vibaya. Wakasema alikuwa na huruma na wanyama, hakutaka kumwumiza. Nikasema maneno yake mwenyewe hayakueleweka na mtu yeyote. Wakasema kabisa, hakuwa mtu wa kujionyesha. Nikapandisha sauti, nikasema tangu sinema ya kwanza mpaka ya mwisho hakujifunza kitu hata kimoja, alibaki yule yule! Mama Rosemary akainua mikono juu. Umaarufu wote ule, na hakubadilika!

Wakalia watu wote. Hata mama yangu, ambaye hajawahi kuona sinema. Nimeketi chini nimeshindwa na marehemu kwenye uwanja wangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Februari

Fabiola amekuja asubuhi kuchukua sufuria yake iliyobaki hapa. Peke yake! Khanga nyeusi ameshaiacha. Nilikuwa na makande ya jana, sufuria nusu, nayapasha moto.

Akasema amecheka usiku kucha kwa jinsi alivyomlilia mama yangu. Nikaona leo ndiyo leo. Nikamuuliza hivi yule Hasketi alimpendea nini hasa. Kidevu? Kofia?

Akasema hata kidogo, kidevu chenyewe kama jembe. Alimpenda kwa neno moja. Kila akiingia nyumba ya watu, hata awe anakimbizwa, anauliza, "Umekula lakini?" Akasema yeye anaamka alfajiri kupokea samaki ziwani, anasimama juani mpaka jioni, anawalisha watu mji mzima, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo.

Nilikaribia kuruka. Nikamwambia lile neno ni langu! Nimelitunga mimi! Mzungu hajawahi kulisema!

Akanitazama. Akasema, "Wewe? Nakaa benchi la mbele tangu Severini afungue banda. Hujawahi kuniuliza hata mara moja."

Hakuamini, basi ikabidi nithibitishe. Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamweleza habari ya Kiingereza, na kiazi cha moto, na jinsi ninavyosoma midomo. Nikamwigizia mjane, nikamwigizia Steringi, nikamwigizia mvua. Nilieleza mpaka jua likafika dirishani. Yeye sufuria yake tupu iko mapajani, anatazama makande. Nilimwona anayatazama, nikajua hasikilizi, nikaanza upya.

Mwisho akasema amechelewa, tangu ziwani hajaweka kitu mdomoni na soko limeshachangamka. Akaenda zake. Hivi ndivyo walivyo, ushahidi ukiwazidi wanaondoka.

Nimekula makande yote kwa hasira. Yalikuwa matamu sana.

Jumatano, 12 Februari

Nimeamka mtu mpya. Wivu nimeutupa. Ni aibu kushindana na maiti, na sasa maiti imeshapata misa na wasifu, sina ugomvi nayo. Mshenga nitamtuma Jumatatu.

Severini naye yuko radhi. Ameleta flashi nyingine, ya mwigizaji mwingine wa zamani wa huko huko. Huyu ana masharubu membamba, yamechorwa kama kwa wino. Mama Rosemary ametangaza kwamba matanga yameanuliwa, watu warudi kwenye sinema. Banda likajaa. Fabiola, benchi la mbele.

Nikatafsiri kwa moyo mweupe. Masharubu akaingia kwenye nyumba moja ya ghorofa, mwanamke kakaa peke yake dirishani. Akavua glavu, akamsogelea, akasema kitu puani. Sikuelewa hata kidogo. Nikashusha sauti, nikasema, "Dada, umekula lakini?"

Makofi! Mama Rosemary alisimama. Na Fabiola, nilimwona kwa macho yangu, ncha ya khanga ikapanda kwenye jicho.

Watu walipotoka, yeye akabaki nyuma. Akapita pale kwenye kigoda changu, sinia kichwani, akasimama. Akasema leo siku imekuwa ndefu sana. Akaendelea kusimama, ananitazama, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu. Nikamwambia anisaidie kusogeza benchi, limeziba mlango.

Amesogeza. Ameondoka bila kuaga. Sishangai, maana kichwa chake kimejaa Masharubu! Siku moja tu, na tayari! Kipaji chenyewe hana. Sura moja, pua ndiyo inayoigiza.

Nimeshaitazama hiyo flashi. Sinema ya Ijumaa anapanda ndege, na ndege inazima injini juu ya milima. Najua inatua salama. Kitufe kiko kwangu.